Mjadala: Bunduki kuukuu za kijeshi ziyeyushwe zote, au zilizo nzima zibaki kwa askari wa vijiji?

Kazeh, Sikonge

Wanajamvi, wangaluka.

Kila kikitangazwa kipindi cha kusalimisha silaha kwa hiari, au stoo ya zamani ikifunguliwa kuhesabiwa, zinatoka zilezile: Mark III na Mark IV (Lee-Enfield za Waingereza, za risasi ya .303), Mauser moja moja za Kijerumani, na rundo la magobore. Rai ya wengi ni moja: zichomwe, ziyeyushwe, biashara iishe. Magobore sina neno nayo, yayeyushwe hata leo. Hoja yangu ni hizo za kiwandani. Nasema tunayeyusha bila kupima, na huo ni ufujaji, wakati askari wa wanyamapori wa vijiji katika jumuiya za hifadhi ya wanyamapori kama Ipole na Uyumbu wanaingia porini watu sita na bunduki moja, siku nyingine hata hiyo moja haipo.

Mtu anapoiona bunduki ya 1917 au 1943 anadhani imekwisha kwa sababu ya mwaka. Chuma hakihesabu miaka, kinahesabu kutu na joto. Lee-Enfield haina bomba la gesi, haina springi nyingi wala plastiki ya kupasuka juani. Ina mtutu, bolti (komeo la chuma linalovutwa kwa mkono), magazini ya risasi 10, kilengeo na mti wa kushikia. Mauser ni vivyo hivyo, ila magazini yake inabeba 5. Mtutu ukiwa mzima, mti ukiwa umekaa sawa na risasi ikiwa nzuri, matundu yanakusanyika ndani ya sentimita 6 hadi 10 kwa mita 100. Mlinzi wa msitu hahitaji zaidi ya hapo.

Na si maneno ya vijiweni. Waingereza walizipima Mark IV kiwandani, zilizopiga vizuri kuliko wenzake wakazipeleka Holland & Holland zifungwe darubini, zikawa za wadunguaji. Mwaka 1970 bunduki hizohizo za vita zikabadilishwa mtutu kuwa wa 7.62 na kupewa jina L42A1, zikaendelea kazini miaka mingi. Finland walitengeneza bunduki ya wadunguaji TKIV 85 juu ya fremu za Mosin-Nagant, bunduki ya Kirusi iliyobuniwa 1891. Canada nao: askari wao wa kujitolea wa kaskazini, Canadian Rangers, walibeba Mark IV tangu 1947, na mpya zimeanza kugawiwa 2018. Miaka 70 kwenye barafu, kazi yao ikiwemo kujihami na dubu. Sasa sisi tuna haraka gani na tanuri?

Dada wa Kibirizi, Kigoma

Kaka Kazeh, umenisaidia kuandika hoja yangu. Umesema zinadumu, hazihitaji springi, miaka 70 bado zinapiga. Basi hiyo ndiyo sababu ya kuziyeyusha. Kitu kinachooza kinajimaliza chenyewe. Kisichooza, kikitoka stoo leo kwa rushwa au uzembe, wajukuu watakutana nacho.

Kigoma si Sikonge. Huku mpaka ni ziwa na vichaka. Tangu vita vya Burundi vianze 1993 silaha zimekuwa zikivuka, na mabasi ya Kibondo na Kasulu yamewahi kusindikizwa na polisi wenye silaha kwa sababu ya majambazi. Nakubali, mengi yalikuwa matukio ya SMG, yaani AK-47. Lakini jambazi anayefunga njia hahitaji magazini ya risasi 30. Anahitaji mtutu mmoja unaoonekana na dereva mwenye hofu.

Tena nchi yetu imetia saini Itifaki ya Nairobi ya 2004 kuhusu silaha ndogo. Msingi wake ni kwamba silaha ya serikali ipigwe chapa, iandikwe, na ya ziada iharibiwe au iondolewe kwa uangalifu. Neno ni ziada. Ukiipa ziada kazi mpya ili isiitwe ziada, umekwepa.

Na mfano wa Canada umeukata nusu. Waliziacha kwa nini? Kwa sababu vipuri vilikuwa vimekuwa taabu. Polisi wa Uttar Pradesh kule India nao waliiaga .303 mwezi Januari 2020. Waliokuwa nazo nyingi kuliko sote wamezitua, sisi ndio tuzitwike?

Fundi Bolti, Kiloleni, Tabora

Nyote wawili mnazungumza kama vile bunduki hizi ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Mark IV mbili zenye namba zinazofuatana zinaweza kutofautiana kama mchana na usiku, kwa sababu moja ilisafishwa na nyingine iliachwa. Kwa hiyo kabla ya kuyeyusha au kugawa, kuna upimaji, na upimaji wenyewe si wa kutazama tu. Nitaueleza wote, maana nikikata nusu mtu atakwenda kuumia.

Kwanza, bolti na chemba, pale risasi inapokaa. Ganda la .303 lina ukingo kwenye kitako, na ukingo huo ndio unaolishikilia ndani ya chemba. Nafasi iliyopo kati ya uso wa bolti na pale ukingo unapokaa ndiyo roho ya usalama. Inapimwa kwa geji mbili: ya inchi 0.064, ambayo bolti lazima iifunge, na ya inchi 0.074, ambayo bolti isiifunge. Toa kwanza ndoano ya kuvutia ganda, safisha chemba iwe kavu, halafu sukuma mkono wa bolti kwa kidole kimoja. Ukitumia nguvu bolti itafunga hata penye kasoro, na utakuwa umejidanganya. Ikifunga kwenye 0.074, bunduki hiyo haipigwi. Nafasi ikizidi, ganda linanyooka nyuma na kukatika karibu na kitako, gesi ya moto inarudi kwenye uso wa mpigaji.

Mark IV ina uzuri mmoja hapa: kichwa cha bolti kinafunguka, na vimepigwa namba 0, 1, 2 na 3, kila kimoja kirefu kidogo kuliko kilichotangulia. Nafasi ikiwa kubwa, unafunga namba ya juu na kupima upya. Mark III vichwa vyake havina namba, unajaribu kimoja kimoja. Ikigoma hata na namba 3, usitafute ujanja: fremu au vishikio vya bolti vimekula, ipeleke tanurini. Hapo Dada wa Kibirizi niko naye.

Pili, mtutu. Tazama ndani kuelekea mwanga, lakini usihukumu kwa weusi. Mtutu mweusi wenye kingo kali za michirizi (mifereji ya ndani inayoizungusha risasi) unapiga vizuri kuliko unaong'aa uliokwisha. Na ukikuta michirizi miwili tu badala ya mitano usiseme imechakaa, maana mitutu mingi ya Mark IV ya wakati wa vita ilikatwa miwili makusudi ili kuharakisha kazi, na inalenga sawasawa.

Ugonjwa mkubwa uko mdomoni. Askari walisafisha kwa kamba ya kuvuta, kamba ikibeba mchanga, ikivutwa pembeni siku zote upande uleule. Miaka 20 ya hivyo inatafuna mdomo wa mtutu ukawa yai. Chukua kichwa cha risasi kilichotenganishwa na ganda, nasema kichwa peke yake, kiingize mdomoni kwa ncha. Kikibaki kimetokeza vizuri, mdomo una afya. Kikizama chote hadi pale mdomo wa ganda ulipokuwa umekibana, umekula. Kama ubovu ni wa sentimita moja au mbili za mwisho, unaweza kuchongwa upya kwenye mashine ya kukereza ukapona. Ukiwa umeingia ndani zaidi, mtutu huo ni wa kubadilisha, na mitutu mipya ya .303 haipatikani dukani kama betri.

Tatu, mti. Hapa ndipo wengi wanapopotea, na ndipo Tabora yetu inapozitesa. Mti wa walnati uliokaa miaka kwenye unyevu wa Ulaya, ukipigwa na kiangazi chetu cha Juni hadi Oktoba, unasinyaa. Ndani ya mti wa mbele kuna mabega mawili yanayopokea teke la bunduki. Mti ukisinyaa mabega yanaacha kugusa chuma, bunduki inacheza milimita moja, na matundu yanatawanyika kama kunde zilizomwagika. Mtu anakaza skrubu, haisaidii, anasema mtutu umekufa. Mtutu hauna kosa.

Mark IV inataka mti uusukume mtutu juu karibu na mdomo. Funga kamba mdomoni, vuta juu kwa mizani ya ndoano ile ya kupimia samaki: mtutu unapaswa kuachana na mti kwa nguvu ya kilo 1 hadi 3. Ukiachana bila nguvu yoyote, mti umepinda chini. Mark III ina utaratibu wake wa springi chini ya mdomo, tofauti kabisa, usivichanganye. Mabega yaliyokula yanachongwa na kuzibwa kwa kipande cha mti mkavu. Mninga wetu unafaa sana kwa kazi hiyo, kwa kuwa ukishakauka hautanuki wala kusinyaa ovyo, ila chagua wenye nyuzi zilizonyooka na uweke nyuzi zielekee kule teke linakotoka.

Nne, ndiyo unakwenda kupiga. Risasi 17 zinatosha kwa bunduki moja. Mbili za kwanza ni za kutoa mafuta mtutuni, usizihesabu, kwa sababu mtutu wenye mafuta hurusha ya kwanza mahali pake peke yake. Kisha makundi matatu ya risasi 5, mita 100, mti wa mbele juu ya mfuko wa mchanga, na dakika 10 kati ya kundi na kundi mtutu upoe. Makundi yote yakiwa ndani ya sentimita 10, hiyo ni bunduki. Yakizidi 15, rudi kwenye mti kabla ya kuulaumu mtutu. Na kundi likianza vizuri halafu likapanda juu kadiri mtutu unavyopata joto, mti unagusa mahali pasipostahili.

Kijana wa Mwanga, Kigoma

Shikamoo Fundi. Swali dogo. Nasikia hizi bunduki hata zikiwa nzima zinapiga juu. Mtu analenga kifua, inapita juu ya kichwa. Ni kweli au ni mpigaji?

Fundi Bolti

Marahaba mwanangu. Ni kweli, na si kosa la bunduki. Zilitengenezwa kwa mawazo ya vita vya mbali. Kilengeo cha Gewehr 98 ya Ujerumani kinaanzia mita 400, hakishuki chini ya hapo. Ukipiga nacho shabaha ya mita 100, risasi inapita sentimita 25 hadi 30 juu ya ulipolenga. Mark IV ina tundu la kulengea la vita lililowekwa kwa yadi 300, nalo likitumika kwa mita 100 linapandisha karibu sentimita 20. Inua kile kibao chenye vipimo, weka 200, hapo unakaribia. Au badilisha kilengeo cha mbele: kirefu zaidi kinashusha risasi. Kumbuka, cha mbele kinakwenda kinyume cha cha nyuma.

Mosin ina lake. Mrusi aliilenga ikiwa na singe mdomoni. Ukiivua singe, mtutu unatetemeka kwa namna nyingine na risasi inahama, upande na urefu. Watu wengi wameiita Mosin bunduki mbovu kwa sababu hiyo moja tu.

Mwalimu wa Kwihara

Niongeze ya historia, kwa sababu neno "kuukuu" limebeba vitu visivyofanana, na humu mkoani vyote vipo ardhini.

Vita vya 1914 vilipoanza, askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, walikuwa bado na Mauser ya 1871, ya milimita 11, baruti nyeusi. Ilikuwa na shabaha ya kuheshimika, lakini kila mlio ulitoa wingu la moshi, na adui alilenga kwenye wingu. Baada ya mapigano ya Tanga mwezi Novemba 1914 walikusanya bunduki za kisasa za Waingereza, bombomu (bunduki za rashasha) 16 na risasi 600,000, na kuanzia hapo .303 ikawa bunduki ya pande zote mbili. Septemba 1916 Wabelgiji wa Jenerali Tombeur walipoikaribia Tabora kupitia Itaga na Lulanguru, hadi mji ukaanguka tarehe 19, uwanjani palikuwa na risasi za aina nyingi zisizoingiliana. Kwa hiyo ganda linalookotwa shambani leo lisichukuliwe kuwa la bunduki yoyote iliyo stoo.

Hatari kubwa kuliko zote iko kwenye milimita 8 ya Kijerumani. Mtutu wa zamani wa 1888 ulikuwa wa kichwa cha risasi cha milimita 8.07 hivi. Mwanzoni mwa karne iliyopita wakaleta risasi mpya yenye ncha kali, herufi S, kipenyo cha 8.20. Maganda yanafanana, yanaingia chemba ileile. Ukiipiga ya S kwenye mtutu mwembamba, kichwa kinabanwa, mgandamizo unapanda, na bunduki inaweza kupasuka. Iliyobadilishwa kupokea S ilipigwa chapa hiyo. Isiyo na chapa, na ambayo mtutu wake haujapimwa, ni ya makumbusho.

Na juu ya risasi za zamani, nchi hii ilishapata somo. Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens iliyopenya kuleta silaha ilishambuliwa ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Shehena ikaopolewa majini. Risasi zikafunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa, zikafungwa tena. Kazi ya miezi, na bado nyingi ziligoma kulipuka mbele ya adui. Bunduki ilikuwa mpya kabisa. Kilichowaangusha ni risasi.

Kazeh, hoja yako yote umeijenga juu ya mtutu. Hukusema neno juu ya risasi.

Kazeh

Mwalimu, hilo nalipokea, nililipita mbio. Risasi za .303 bado zinatengenezwa duniani kwa ajili ya wawindaji na walengaji, ila si za bei ya SMG. Na zile za maboksi ya vita zina fataki ya chumvi. Fundi, eleza wenzetu namna ya kusafisha, maana hapo ndipo mitutu mingi ya Tabora ilipofia.

Ila sikubali kwamba bunduki hizi ni dhaifu kwa kazi ya porini. Mwindaji W. D. M. Bell aliua tembo zaidi ya 1,000 mwanzoni mwa karne ya 20, sehemu kubwa kwa Mauser ya milimita 7, risasi ndogo kuliko .303. Na leo bunduki za gharama kubwa za kuwindia nyati bado zinatumia bolti ya Mauser ya 1898. Kwa nini? Ile ndoano pana inalikamata ganda mara tu linapotoka magazini, hailiachi mpaka limetupwa nje. Hata ukiigeuza juu chini, hata ukivuta bolti nusu kwa hofu, hairundiki risasi mbili mdomoni mwa chemba. Rigby walitengeneza .416 yao juu ya bolti hiyohiyo mwaka 1911. Wanaojua kukutana na nyati hawajaiacha.

Mstaafu wa Kaliua

Ndugu Kazeh, umechanganya bolti na risasi. Bolti ya Mauser ni ya kuaminika, sawa. Haiifanyi .303 kuwa .375, risasi nzito ya wanyama wakubwa.

Mfano wa Bell unaletwa kila mara na kila mara unaachwa pungufu. Alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ajifunze ubongo umekaa wapi kutoka kila upande. Alitumia risasi ngumu zisizopasuka. Alipiga mchana, tembo ametulia, akichagua pembe ya kupigia. Askari wa kijiji anaitwa saa saba usiku, tembo wako ndani ya mahindi, watu wanapiga madebe, tochi inatetemeka. Hapo .303 yenye nguvu ya takribani jouli 3,200 inamjeruhi tembo, na tembo aliyejeruhiwa anakwenda kuua mtu kijiji cha pili siku ya tatu. Kanuni za uwindaji za kuanzia .375 kwa nyati na tembo hazikutungwa kuwapendelea matajiri. Hiyo inabeba jouli 5,700 na kuendelea.

Halafu kichwa cha risasi ya .303 kikikosa kinakwenda zaidi ya kilomita 2. Sikonge na Kaliua za leo si mapori matupu, kuna mashamba ya tumbaku, mabanda ya wakulima, watoto wa wafugaji. Marisau ya shotigani yanaishia mita mia chache.

Kwa tembo wa mashambani, askari wa kijiji anahitaji mlio na mwanga. Na kuna mizinga. Tembo anaogopa nyuki kweli, uzio wa mizinga iliyotundikwa kwenye waya kila baada ya mita 10 kuzunguka shamba unamrudisha, kwa sababu akigusa waya mizinga yote inatikisika. Mkoa huu unaishi kwa asali. Mizinga 30 inalinda mita 300 na inalipa kila msimu. Matofali ya kinyesi na pilipili yakichomwa upepo ukiwa mzuri nayo yanasaidia, upepo ukigeuka hayasaidii kitu.

Nabakiza nafasi moja ya .303: doria dhidi ya majangili wenye magobore. Huko nakubali inatosha na inazidi. Gobore linapakiwa kwa nusu dakika na zaidi na halilengi mbali, .303 mikononi mwa mtu aliyefundishwa inatoa risasi 15 kwa dakika. Lakini mtu aliyefundishwa, narudia. Bunduki bila risasi 40 za mazoezi kwa mwaka ni fimbo nzito.

Fundi Bolti

Kusafisha, kama Kazeh alivyoomba. Fataki za zamani zina kloreti ya potasi. Ikilipuka inaacha chumvi mtutuni, ndugu yake chumvi ya mezani. Chumvi inavuta maji hewani, na masika yetu ya Novemba hadi Aprili yana maji ya kutosha. Asubuhi unakuta kutu, wiki ya pili vishimo.

Kosa la watu ni kumwaga mafuta. Mafuta hayayeyushi chumvi, yanaifunika tu ikaendelea kula chini. Chumvi inayeyushwa na maji. Toa bolti, weka faneli kwenye chemba, mdomo wa mtutu ukitazama chini ndani ya ndoo, mimina nusu lita ya maji yaliyochemka, kisha nusu nyingine. Maji ya moto yanaupasha mtutu, unajikausha wenyewe. Pitisha vitambaa vikavu hadi kimoja kitoke kikavu kabisa, ndipo mafuta, kidogo. Futa na uso wa bolti kwa kitambaa cha maji, gesi inafika pale pia. Siku hiyohiyo, si kesho. Na ufito uingie kutokea chemba pale bunduki inaporuhusu. Lee-Enfield na Mauser zote mbili zinaruhusu, kwa hiyo hakuna sababu ya kuusugua mdomo.

Kuna fataki nyingine za zamani zaidi zenye zebaki. Hizo zinafanya shaba ya ganda kuwa kavu kama gamba la yai. Maganda hayo yasijazwe tena, kamwe.

Dada wa Kibirizi

Nimewasoma wote, na nashukuru Mstaafu. Tukijumlisha mliyosema wenyewe: geji mbili ambazo sijui zipo wilaya ngapi, risasi 17 za kupimia, 40 za mazoezi kwa kila mtu, fundi wa mti, maji ya moto kila baada ya doria, na risasi za kuagiza nje. Kwa fedha hizo kijiji kinanunua shotigani mpya moja na mizinga 30. Kwa nini tunaikimbilia Mark IV? Nadhani ni mapenzi. Ni chombo kizuri, mti na chuma, mlio wake unajulikana, wazee wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, walirudi na sifa zake. Mapenzi hayo mahali pake ni makumbusho. Mtutu utobolewe ubavuni na kuzibwa kwa kuchomelea, uso wa bolti usagwe, chemba izibwe, iwekwe kwenye kabati la kioo pale Kwihara au Ujiji, vijana waione na waambiwe iliua nani. Hilo naunga mkono kwa moyo wote.

Zinazobaki kazini, kama mtanishinda, ziwe na ulinzi gani? Hilo hakuna aliyejibu.

Kazeh

Dada yangu, mapenzi yapo, siyakatai, lakini shotigani mpya moja kwa doria ya watu sita bado ni bunduki moja. Kuhusu ulinzi: bolti zitolewe. Bunduki zilale ofisi ya jumuiya, bolti zilale kituo cha polisi. Mtutu bila bolti ni bomba. Bolti bila mtutu ni kipande cha chuma. Doria ikitoka inasaini kote kuwili. Mwizi anapaswa kuvunja majengo mawili.

Fundi Bolti

Wazo zuri kwa ulinzi na baya kwa bunduki, msipoangalia. Bolti 12 zikirundikwa kwenye sanduku moja, siku ya doria kila mtu anachukua iliyo juu. Bolti ya bunduki hii ikiingia kwenye ile, nafasi niliyoipima kwa geji imekufa. Inaweza kufunga vizuri, ikapiga risasi tatu, ya nne ikakata ganda. Mark IV nyingi nzuri zimekufa kwa kuchanganywa bolti.

Namba ya bunduki imepigwa kwenye mkono wa bolti, nyuma. Isome kabla ya kuingiza, kila mara, na iandikwe kwenye daftari la polisi na la jumuiya. Kwa Mark IV andika pia namba ya kichwa cha bolti, 0 hadi 3, kwa sababu kichwa kinafunguka kwa mkono na mtu anaweza kukibadilisha akidhani anasafisha. Sanduku la bolti liwe na vitobo, kila kitobo na namba yake kwa rangi, kitobo kikiwa wazi kionekane kutoka mlangoni.

Dada wa Kibirizi

Kitobo kikiwa wazi asubuhi na daftari halina saini, nani anapigiwa simu, na bunduki 11 zilizobaki zinasimama au zinaendelea na doria?

Mstaafu wa Kaliua

Zinasimama zote mpaka ipatikane. Hilo liandikwe kwanza, kabla ya bunduki hata moja kutoka stoo.